Kadi yangu ilikuwa kwa mtu

Mjomba wangu alifariki Aprili 2019, kijijini kwetu wilaya ya Tandahimba. Kabla jeneza halijatoka uani, shekhe alisimama akasema maneno yanayosemwa kwenye kila msiba wa Kiislamu: aliyekuwa anamdai marehemu ajitokeze kwa wafiwa, na aliyekuwa anadaiwa na marehemu naye awaone wafiwa. Wanawake tulikuwa ndani tumekaa mikekani, dirisha liko wazi, kila neno linasikika. Mtoto mkubwa wa mjomba akajibu kwamba madeni yote ya baba anayabeba yeye. Mzee mmoja akasema alikuwa anadai kilo nne za ufuta, na amesamehe. Wengine hawakusema kitu. Jeneza likatoka.

Nilikuwa nalia kama wenzangu, lakini baada ya tangazo lile nililia jambo jingine. Nilijiuliza, kama ningekuwa mimi niliyebebwa, wangejitokeza wangapi? Na mume wangu angesimamaje mbele za watu kuyabeba madeni ambayo hakuna hata moja aliloambiwa?

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Wakati ule nilikuwa na miaka 14 kazini, na nilikuwa na mikorosho 35 niliyoachiwa na mama. Mtu akitutazama kwa nje, mwalimu mwenye mshahara wa serikali na mikorosho juu yake si mtu wa kudaiwa sukari dukani. Nami nilifanya kila njia watu waendelee kuamini hivyo.

Deni la kwanza na kubwa kuliko yote lilikuwa la benki. Mwaka 2016 nilikopa 12,000,000 kwa miezi 72 ili tujenge. Kila mwezi zilikatwa 267,000 kabla sijaugusa mshahara, na baada ya makato mengine nilibaki na kama 290,000. Sijutii mkopo ule, maana nyumba ninayolala leo imetoka humo. Ila ulinikaza kiasi kwamba jambo lolote la ghafla lilinikuta sina kitu.

Msimu wa 2017 bei ya korosho ilivuka 4,000 kwa kilo. Huku kwetu watu wakaupanga mwaka unaofuata kwa bei ile ile, na mimi nikiwemo. Nilipanga binti yangu achezwe unyago likizo ya Desemba 2018, kwa pesa ya korosho itakayoingia Oktoba au Novemba. Julai ilipofika, pesa ya kupalilia na ya salfa, dawa ya mikorosho, haikuwepo. Nikaenda kwa kijana mmoja jirani anayenunua kangomba.

Kwa asiyekaa kusini, kangomba ni kumuuzia mtu korosho nje ya ghala la chama cha msingi cha ushirika, mara nyingi zikiwa bado maua. Anakupa pesa leo, wewe unamlipa kilo msimu ukifika, kwa bei aliyoitaja yeye siku una shida. Alinipa 200,000 kwa kilo 200, yaani 1,000 kwa kilo. Hatukuandikishana. Tulipeana mikono chini ya mkorosho wenyewe.

Minada ilipofunguliwa Oktoba, bei hazikufika 3,000 na wakulima wakakataa kuuza. Novemba, Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa 3,300, na magari ya jeshi yakaanza kuzibeba. Bei ile tuliipokea kwa furaha. Lakini ununuzi ulikwenda pamoja na uhakiki wa mashamba, na Desemba ilipoingia pesa yangu ilikuwa bado. Mwali alikuwa ameshaingia ndani. Kungwi ameshaambiwa, kanga za sare zimeshachaguliwa, ndugu wa Newala na wa Mtwara mjini wameshapewa tarehe. Mwali akishaingia ndani, shughuli hairudishwi nyuma.

Ndipo madeni yakaja kwa mfululizo. Oktoba nilikuwa nimeshachukua 400,000 kwenye kikoba, kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi. Mwisho wa Novemba nikachukua 200,000 kwa mkopeshaji wa mjini Tandahimba. Desemba nikakopa mchele, sukari na mafuta dukani, jumla 87,000. Januari mwalimu mwenzangu akanipa 150,000 za sare na madaftari ya watoto, nikamwahidi wiki mbili.

Huyu mkopeshaji nataka nimweleze vizuri, kwa sababu najua walimu, manesi na askari wengi wako mikononi mwa watu kama yeye hata leo. Hakutaka dhamana ya shamba wala televisheni. Alitaka kadi ya benki na namba ya siri. Ofisini kwake kulikuwa na meza moja na boksi la viatu, na ndani ya boksi kadi zimefungwa kwa mipira, kila moja imebandikwa kipande cha karatasi chenye namba. Mshahara ukiingia, yeye ndiye anayekwenda kwenye mashine ya kutolea pesa. Anachukua 260,000 zake, kisha anakupigia simu uje kuchukua chenji. Ndivyo alivyoiita, chenji. Mimi chenji yangu ilikuwa kama 30,000. Nani analisha watoto mwezi mzima kwa 30,000? Kwa hiyo pale pale, nikiwa bado nimesimama mbele ya meza, nakopa tena 200,000, na kadi inarudi kwenye boksi.

Nilifanya hivyo mara tano, Desemba hadi Aprili. Kila mwezi nilimwachia 60,000. Nilikuwa nimeshamlipa riba ya 300,000 kwa mkopo wa 200,000, na bado nadaiwa 200,000 zile zile. Hesabu hii sikuwahi kuipiga, na mimi ndiye nafundisha hisabati darasa la sita.

Matanga yalipoanuliwa, usiku nilichukua daftari la watoto lisilotumika nikakaa jikoni na kibatari. Nikaanza kuandika. Niliandika kwanza deni la duka, kwa sababu lilikuwa dogo na halina aibu kubwa. Kisha la mwalimu mwenzangu. Kisha kikoba. Kangomba. Benki. La kadi niliandika la mwisho, na kabla sijaliandika nilifunga daftari mara mbili.

Mume wangu ni fundi pikipiki. Alinikuta pale. Sikuwa na ujasiri wa kusema, nikamsogezea daftari. Alisoma akakaa kimya muda mrefu, mpaka nikatamani afoke yaishe. Halafu akaniambia, "Na mimi nadaiwa 70,000 za spea, Mtwara. Tangu Februari." Nilimwandika chini ya kadi. Tuliishi nyumba moja, tukila sahani moja, na kila mmoja anaogopa simu yake isiite mbele ya mwenzake.

Alichosema usiku ule ndicho kilichotuongoza. Alisema tuandike mbele ya kila deni, linakula shilingi ngapi kwa mwezi. Yeye kama fundi amezoea kuuliza chombo kinakunywa mafuta kiasi gani. Tukaandika. Duka, sifuri. Mwalimu mwenzangu, sifuri. Spea, sifuri. Kikoba, 20,000. Kadi, 60,000. Benki ilikuwa asilimia 17 kwa mwaka, ambayo ni chini ya moja na nusu kwa mwezi. Kumbe deni lililokuwa kubwa kuliko yote kwa tarakimu ndilo lililokuwa la bei rahisi miongoni mwa yale yenye riba, na lile dogo la boksi la viatu ndilo lilikuwa linatumaliza. Mimi siku zote nilikuwa naogopa ukubwa wa deni. Bei yake nilikuwa sijaitazama.

Kesho yake tulianza kuwafuata watu, mikono mitupu. Hili ndilo lilikuwa gumu kuliko yote, na ndilo ninalomwambia kila anayeniuliza. Korosho ilikuwa haijalipwa. Sikuwa na hata elfu tano ya kumwonyesha mtu. Nilikuwa nimezoea kwamba mdaiwa anamfuata mdai akiwa na chochote, na akiwa hana anapita njia ya nyuma. Njia ya nyuma ya kutoka shule hadi nyumbani kwangu inapita kwenye mashamba ya watu na ina miiba, nami nimeipita miezi minne ili nisionekane na mwenye duka.

Mwenye duka alinisikiliza akiwa anapima dagaa. Aliponiona nimemaliza akasema, "Mwalimu, mimi 87,000 naweza kuisubiri. Nilichokuwa sikielewi ni kwa nini hunisalimii." Tukakubaliana 10,000 kila mwezi mpaka pesa ya korosho iingie. Mwalimu mwenzangu alikuwa amenuna, na ana haki ya kununa. Nilikuwa nimehama kiti ofisini ili nisikae karibu naye. Alisema atasubiri mpaka Juni, si zaidi, na akaniomba nimwandikie. Nikamwandikia na kusaini. Ile karatasi ilimtuliza yeye na ilinituliza mimi.

Kikoba chetu kinakutana Jumapili chini ya mwembe. Nilikuwa nimeacha kwenda vikao viwili, nikitoa udhuru wa msiba na wa homa. Safari hii nilisimama nikasema mbele ya wanawake 24 kwamba nimeshindwa rejesho, na nikataja sababu, pamoja na kadi. Niliposema kadi, niliona wawili wakiinamisha vichwa. Baadaye mmoja wao alinifuata njiani akaniambia yake iko kwenye boksi lile lile. Mwenyekiti wetu ni mama mtu mzima, hajasoma sana, lakini ana busara. Akasema, "Mwanangu, faini tunaisimamisha leo. Utaleta riba peke yake mpaka korosho ilipwe, na hisa zako zinabaki humu, huzigusi." Kikao kikaafiki. Kama ningekwenda Februari, faini ya miezi miwili isingekuwepo kabisa.

Mkopeshaji wa kadi hakutaka kusikia. Nilimwomba anipe kadi, nimlipe 200,000 kwa mafungu manne. Akacheka, akasema mafungu ni ya vikoba. Wapo walionishauri niende benki niseme kadi imepotea, nipewe nyingine, yeye abaki na plastiki. Wengi wamefanya hivyo. Sikufanya, si kwa kumhurumia. Pesa yake nilikuwa nimeichukua kweli, na nilijua angenifuata mpaka shuleni. Nilichokuwa nakitaka ni kutoka kwake mchana, watu wakiona.

Laiti ningejua wakati ule ninachokijua leo. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ilipitishwa mwaka 2018, na mkopeshaji wa namna ile anatakiwa awe na leseni ya Benki Kuu. Ukomo wa riba uliokuja kuwekwa ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa 200,000 hiyo ni 7,000. Mimi nilikuwa natoa 60,000. Mtu akikuambia anataka kadi na namba ya siri, mwombe kwanza akuonyeshe leseni yake, halafu utazame jibu lake.

Wakati tunasubiri korosho, ushauri ulikuja kutoka kila upande. Shangazi alitaka niweke mikorosho rehani kwa misimu mitatu, kuna mtu angenipa pesa mara moja. Nilikataa bila kufikiri mara mbili. Nimeona jirani aliyeweka mikorosho 50 rehani kwa misimu mitatu. Aliyeipokea hakupalilia wala hakupogoa, alivuna tu, na mwenyewe alirudishiwa pori. Mwenzangu mwingine akasema tuunde kikundi, tuombe ile asilimia 10 ya halmashauri ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, tukishapata tugawane tulipie madeni. Mkopo ule hauna riba, ni kweli, na nimeona wanawake walioinuka nao kwa mashine ya kukoboa na kwa ufugaji wa kuku. Lakini unatolewa kwa mradi wa kikundi. Ukiugawana kulipia madeni, mmeongeza deni jingine, na safari hii mnadaiwa watano kwa pamoja.

Ushauri uliokuwa na uzito ni wa topapu. Mhasibu mmoja ninayemheshimu aliniambia, nenda benki, mkopo wako umeshalipwa miezi 30, watakurudisha kwenye 12,000,000, wakate deni lililobaki, na wewe upewe inayozidi. Nilikwenda kuulizia. Deni lililobaki lilikuwa kama 8,400,000, kwa hiyo ningepata mkononi kama 3,600,000 kabla ya makato ya bima na ada. Makato ya mwezi yangebaki 267,000, yaani nisingehisi kitu. Afisa alinieleza kwa upole na fomu ilikuwa mezani.

Nilimwomba kalamu. Mkopo ungeanza upya miezi 72, wakati mimi nilikuwa nimebakiza 42. Nilikuwa naongeza miezi 30. Mara 267,000, ni 8,010,000. Nikamwonyesha afisa, akaitazama akasema, "Ndiyo, Mwalimu, ndivyo ilivyo." Kupata 3,600,000 leo, nilipe 8,010,000 kesho. Na madeni yangu yote yasiyo ya benki hayakufika milioni moja na laki sita, hata nikiihesabu kangomba kwa bei mpya ya korosho. Hiyo iliyobaki ningeifanyia nini? Ningeila. Najijua.

Sitaki mtu anielewe vibaya hapa. Kwa anayelipa asilimia 30 kwa mwezi na hana korosho wala kitu cha kuuza, kuhamisha deni lile kwenda benki au kwenye saccos ni jambo la akili, mradi achukue kiasi kile kile anachodaiwa na akalipe siku hiyo hiyo. Mwalimu mmoja wa Kitangari alifanya hivyo, alichukua 700,000 tu kwenye saccos ya walimu, akatoka na kadi yake, na akabadilisha namba ya siri kabla ya kurudi nyumbani. Kilichonizuia mimi ni kwamba nilikuwa na kitu cha kuuza, nacho kilikuwa nyuma ya nyumba kimefunikwa na turubai.

Yalikuwa mabati 28. Tuliyanunua kwa ajili ya banda la mbele, tulilokuwa tunataka kulifanya fremu ya duka. Mume wangu ndiye aliyeyataja, na nilimwona yanavyomuuma, maana alikuwa ameshapima na kamba. Tulikubaliana tusiyauze Aprili. Huku kwetu kila mtu anajua pesa ya korosho ikitoka watu wanakimbilia bati. Tukasubiri.

Pesa iliingia Mei. Kilo 280 kwa 3,300, shilingi 924,000. Wiki hiyo hiyo jirani alinunua mabati yetu kwa 18,000 kila moja, 504,000 taslimu. Tulikuwa na 1,428,000, na kwa mara ya kwanza hatukuondoka nayo kwenda sokoni. Tulifungua daftari.

Nilianza na kadi. Nilikwenda na mume wangu na mwenyekiti wa kitongoji. Mkopeshaji alitaka 260,000. Nikamtolea 220,000 mezani, noti kwa noti, nikamwambia hii ndiyo iliyopo leo, na nikamsomea mapokeo yote ya miezi mitano kutoka kwenye daftari, tarehe kwa tarehe. Sijui kama ni daftari, au mwenyekiti, au zile noti. Alichukua. Tukaandikishana kwamba hanidai, akasaini, mwenyekiti akasaini. Akafungua mpira, akanipa kadi. Ilikuwa imechakaa pembeni. Nilikwenda moja kwa moja kwenye mashine nikabadilisha namba ya siri, na vidole vilikuwa vinatetemeka mpaka nikakosea mara ya kwanza.

Kangomba ndiyo iliyotusumbua roho. Kijana alitaka kilo 200 zake, au thamani yake kwa 3,300, ambayo ni 660,000. Makubaliano yalikuwa kilo, na kilo niliziahidi mimi. Upande wangu, nilikuwa nimepokea 200,000. Nikawa tayari kumwambia kwamba kangomba imekatazwa, na kwa hiyo aende akashtaki anakotaka. Wengi walisema hivyo mwaka ule. Mume wangu akaniuliza, "Na yeye pesa ile aliitoa wapi?" Nikamfuata, tukakaa, na ndipo nikajua kwamba ile 200,000 na nyingine nyingi alizozigawa kijijini alikopeshwa na tajiri wa Mtwara mjini, anayezitaka na faida yake. Hakuwa na shamba la kuhakikiwa, kilo alizokusanya hazikupokelewa, na alikuwa hathubutu kulala nyumbani kwake kwa kuogopa. Kijana wa miaka 26.

Tulikwenda kwa mzee mmoja wa msikitini, tukaweka maneno mbele yake. Akatusikiliza wote wawili. Alisema mtaji urudi wote, na juu yake nimpe kitu kwa kunitoa kwenye shida Julai, lakini si bei ambayo hakuna kati yetu aliyeijua siku tunapeana mikono. Tuliafikiana 400,000. Nimemlipa mara mbili ya alichonipa, na bado naona ilikuwa haki kuliko kumdhulumu au kudhulumiwa. Tunasalimiana mpaka leo. Ameacha kazi ile, anaendesha bajaji Mtwara.

Yaliyobaki yalikwisha ndani ya wiki. Kikoba, duka, mwalimu mwenzangu, spea. Ilibaki 100,000 na ushee kidogo, tukanunua salfa ya msimu uliofuata. Benki niliiacha iendelee kukata, na mkato wa mwisho ulikuwa Oktoba 2022. Mwezi uliofuata mshahara ulipoingia nilidhani wamekosea.

Ningependa kusema sikukopa vibaya tena. Ramadhani ya 2023 mtoto alilazwa Mtwara mjini, usiku, na mume wangu alikuwa safarini Masasi. Nilipakua programu ya mikopo kwenye simu. Niliomba 100,000, ikaingia 72,000, na nikatakiwa nirudishe 100,000 ndani ya siku saba. Siku ya tano walianza kunitumia ujumbe wa vitisho, na wakaniambia wana namba zote zilizomo kwenye simu yangu. Ile baridi ya Aprili 2019 niliihisi tena tumboni.

Lakini safari hii sikupita njia ya nyuma. Usiku ule ule nilimpigia mume wangu. Asubuhi nikamwandikia ujumbe mwalimu mkuu, wifi zangu, mwenyekiti wa kikoba na wazazi wa wanafunzi ambao namba zao ninazo: nadaiwa 100,000 na watu wa mkopo wa simu, nililazimika kwa ajili ya mtoto aliyelazwa, mkitumiwa maneno mabaya juu yangu msishtuke, nalipa Ijumaa. Jumatano jioni ujumbe wao ulipowafikia watu, ukiniita mwizi, walikuwa wameshajua. Mwalimu mkuu alinionyesha simu yake, akaufuta mbele yangu, akaniuliza mtoto anaendeleaje. Ijumaa nililipa, kwa pesa ya mfuko wa jamii wa kikoba chetu, ambao kwa mgonjwa hautozi riba. Novemba 2024 Benki Kuu ilipotoa orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zinakopesha kidijitali bila leseni, niliisoma yote, kisha nikaibandika kwenye ubao wa ofisi ya walimu.

Msimu ule mnada wa kwanza wa huku kwetu, Oktoba, bei ilirudi juu ya 4,000. Kijijini kulikuwa na shangwe, na wauza pikipiki walikuwa wameshapanga pikipiki barabarani. Sisi tulinunua mabati 30 na fremu imeezekwa. Ipo, haina mpangaji bado.

Wiki chache baada ya kubandika ile orodha, mwalimu wa ajira mpya alikuja nyumbani kwangu baada ya Magharibi. Ana mwaka mmoja na nusu kazini, ametokea mbali, hana ndugu huku. Nilimkaribisha mkekani, akakataa chai. Akazungumza habari za mitihani, za mvua, za kuku wangu. Nikamwacha. Hatimaye akasema akitazama chini, "Mama, kadi yangu ipo kwa mtu."

Nilinyanyuka nikaleta daftari jipya na kalamu, nikamwekea mbele. Nikamwambia aandike kila anayemdai, na kiasi. Alishika kalamu muda mrefu. Akaanza na deni la duka.